Kiongozi Wako Amekulia Kilima Gani?

MASWALI YA WASOMAJI NA MAJIBU YA BI MTEMBEZA

Mwezi huu barua za Kampala zimezidi za Jinja na Fort Portal zikijumlishwa pamoja. Nadhani ni likizo. Nimechagua tatu, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ina mama ndani yake.

*

Shikamoo Bi Mtembeza. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Tororo. Mwezi ujao nampeleka mama Kampala kwa daktari wa macho. Miadi ni Jumatatu, lakini tutafika Ijumaa jioni, kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi tuko huru. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua, na tangu nipate akili nasikia anasema anataka kuuona mji wa Kabaka. Mjomba anadai kumlipa mtu akutembeze ni kutupa hela, kwani majengo yote yanaonekana toka barabarani na simu ina ramani. Kuna vijana wanatuuzia "vilima saba kwa siku moja". Tufuate lipi? — *Mwalimu S., Tororo*

Marahaba, Mwalimu, na shikamoo yangu umfikishie mama.

Mjomba hakukosea sana. Mnara wa msikiti wa Old Kampala utauona hata ukiwa Owino unapigania bei ya koti la mtumba. Huhitaji kumlipa mtu akuonyeshe kwa kidole. Lakini vilima vile havikuwekwa pale kama mapambo. Ni mashahidi wa kesi moja, na kila shahidi ana maneno yake. Old Kampala ilikuwa ya Mwingereza na ngome yake, leo ni ya Waislamu. Namirembe ni ya Waprotestanti, Lubaga ya Wakatoliki, Mengo ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Ukipita peke yako na ramani ya simu utaona mapaa. Ukipita na mtu anayejua, mkiwa ninyi watatu tu, unaweza kumkatiza maneno ukamwuliza: na wale wa kilima cha pili, wao wanasemaje? Swali hilo haliulizwi katika kundi la watu ishirini. Aibu inakushika, na mwenye kundi anatazama saa.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, mpigie simu huyo anayetaka kuwatembeza umwulize: umekulia kilima gani? Akikujibu kwamba yeye hana upande wowote, endelea kutafuta.

Mimi nitakujibu bila kuzungusha. Nimezaliwa Old Kampala, na mama yangu ni Mnubi wa Bombo. Lugard, yule Mwingereza wa ngome, alifika hapa Desemba 1890 akajenga ngome juu ya kilima chetu. Mwaka uliofuata akaenda mpaka Kavalli, kule Ziwa Albert, kuwachukua askari wa Kisudani waliobaki nyuma Emin Pasha alipoondoka. Hao ndio wazee wetu. Januari 1892 vita vikazuka Mengo kati ya Waprotestanti na Wakatoliki, watu wakiwaita Wangereza na Wafaransa. Lugard akasimama na Waprotestanti, na bunduki yake ya Maxim ikalia kutoka kilimani. Lubaga ikaungua. Kabaka Mwanga akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe.

Sasa nina mwenzangu katika kazi hii, Mkatoliki wa Lubaga. Siku moja tulikutana juu ya mnara, kila mmoja na wageni wake, akanisikia nikisema, "Mwaka 1892 kulitokea mapigano." Alinitazama tu. Kisha akawageukia wa kwake akasema, "Mwaka 1892 tulipigwa, tukachomewa." Wewe ni mwalimu wa sarufi, liulize darasa lako, katika sentensi yangu mtenda ni nani? Hayupo. Nilimtoa, na wala sikujua kama nimemtoa. Tangu siku hiyo nawaambia wageni mapema kabisa kwamba mimi ni mtoto wa kilima cha ngome, wanisikilize kwa kuchuja.

Hao wa vilima saba waache. Si waongo, nami niliwahi kuwa kama wao. Mwaka wangu wa kwanza nilimkokota mzee mmoja wa Bukoba vilima vitano, tangu asubuhi mpaka magharibi, nusu ya siku tukiwa tumekwama kwenye jamu. Baada ya miezi miwili akanipigia kunisalimia. Nikamwuliza anakumbuka nini cha Kampala. Akafikiri, akasema, "Yule mama aliyetuuzia gonja dirishani." Makaburi ya wafalme, makanisa, misikiti, vyote vimekwenda, imebaki ndizi ya kuchoma. Na hata hiyo saba kila mtu ana orodha yake. Mji wa leo umeshapanda vilima vingi zaidi.

Ninyi chukueni mstari mmoja: Old Kampala, Namirembe, Mengo. Kwangu ni masaa matatu. Kwa mwendo wa mama weka manne, na chai katikati.

Anzeni msikitini saa mbili na nusu, jua likiwa bado changa. Vizuri kwamba ni Jumamosi, maana Ijumaa mchana pale ni swala, si pa kuzururia. Idi Amin ndiye aliyeuanzisha msikiti huu miaka ya 1970, ukasimama bila kumalizika mpaka Gaddafi wa Libya alipotoa fedha. Ulifunguliwa rasmi mwaka 2008 ukibeba jina lake. Sasa ni Msikiti wa Taifa wa Uganda. Wanawake hupewa vitambaa vya kujifunika mlangoni, ila mama aje na leso yake mwenyewe, atajisikia nyumbani zaidi. Viatu visiwe vya kamba. Kuinama kufunga na kufungua ndiko kunakomaliza magoti, si kutembea.

Mnarani asipande. Vidato vinapita mia mbili, vinajizungusha kama ganda la konokono, na katikati hakuna pa kukaa. Mwache kivulini uani na chupa ya maji, upande wewe. Ukifika juu usikimbilie simu. Zunguka polepole, dirisha kwa dirisha: Namirembe na kuba lake, Lubaga na minara yake miwili, Mengo katikati ya miti, msikiti mweupe wa Kibuli ng'ambo ya mji, na chini yako stendi za takisi zikichemka kama siafu waliomwagiwa maji. Kutoka pale kesi yote ya 1892 unaiona kama unatazama mpira ukiwa jukwaani. Utaelewa kwa nini Lugard alikitaka kilima hiki na si kingine. Kisha shuka umsimulie mama. Nimeona mara nyingi kwamba aliyebaki chini ndiye anayeuliza maswali ya maana.

Ngome yenyewe utaitafuta bure. Ilibomolewa msikiti ulipokuwa unajengwa, pakawekwa mfano wake pembeni. Lakini mwulize kiongozi habari ya mwaka 1908, makumbusho ya Uganda yalipoanzia kwenye ngome hiyo hiyo. Watu walipaita Enyumba ya Mayembe, kwa Kiswahili tungesema nyumba ya hirizi, maana vitu vya mizimu vilikusanywa humo vikawekwa vitazamwe. Bibi yangu mpaka anafariki alikuwa akisema "kule kwa mayembe" akimaanisha makumbusho, ingawa yalishahamia Kitante zamani.

Shukeni kwa mguu mpaka mtaa wa Bakuli, ni mteremko. Hapo kunyweni chai ya maziwa na chapati. Kutoka Bakuli mpandishe mama spesho, gari la kukodi peke yenu, mpaka juu Namirembe. Usimweke kwenye boda kwa kubana matumizi. Umempeleka kwa daktari wa macho, hukumpeleka kwa wa mifupa.

Jumamosi Namirembe ni arusi juu ya arusi. Wageni wengine hukasirika kwamba kanisa limejaa. Mimi nawaambia wakae. Mtafutie mama kivuli nje, aangalie gomesi, yale magauni ya heshima ya Kiganda, zikipita: zambarau, kijani cha limau, dhahabu, mikanda yake ikimetameta. Hata kwa macho yaliyochoka, rangi zile zinamfikia mtu. Kanisa hili si la kwanza hapo. Lililotangulia lilichomwa na radi mwaka 1910, na hili la matofali mekundu likakamilika 1919.

Makaburini nakuomba usimame kidogo. Amelala hapo Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na Daktari Albert Cook, aliyeianzisha hospitali ya Mengo iliyo hapo chini mwaka 1897. Kando ya Hannington, Februari 1977, lilichimbwa kaburi la Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa katika utawala wa Amin. Mwili haukuletwa. Watu walikuja kuzika, wakasali, wakaimba mbele ya kaburi lisilo na mtu. Yeye alizikwa kwao Mucwini, Kitgum. Sasa Wanubi tulihesabiwa watu wa Amin, wengine kwa haki na wengine kwa kusingiziwa, na baada ya Amin kuanguka 1979 tuliyalipa yote kwa mkupuo mmoja. Ningeweza kupita pale haraka. Viongozi wa upande wangu hupita haraka. Mimi nikifika pale sisemi "kulitokea".

Kutoka Namirembe teremkeni mpaka Bulange, jumba la Lukiiko, baraza la Buganda, lililojengwa kati ya 1955 na 1958. Ni ofisi, kwa hiyo Jumamosi ndani huenda pamefungwa. Kiongozi aulize siku moja kabla. Mbele yake inaanza Kabaka Anjagala, barabara iliyonyooka kama uzi, karibu maili moja, mpaka lango la Lubiri, ikulu ya Kabaka. Pande zote mbili kuna sanamu za miziro, yaani miiko ya koo za Kiganda, kila ukoo na wake. Hapo patafurahisha darasa lako: ukifika penye ukoo wa Mmamba usitafute yule wa kukamata watu mtoni. Mmamba wa Kiganda ni samaki, kamongo. Mgeni wangu mmoja wa Musoma alibishana nami juu ya hilo mpaka mlinzi akaja kuamua.

Katikati ya barabara kuna mzunguko, Nnantawetwa. Sisi sote, hata mawaziri, tunauzunguka. Kabaka peke yake hapindi: kuna njia yenye mageti inayopita katikati, hufunguliwa kwa ajili yake tu. Mwonyeshe mama hiyo njia. Nimeona wazee wakiitazama kwa muda mrefu kuliko ikulu yenyewe.

Langoni pa Lubiri, Wankaaki, kuna moto uitwao Ggombolola, unaowaka hadi Kabaka afariki ndipo unapozimwa. Ndani, Twekobe, jumba lenyewe la Kabaka, utaiona kwa nje. Hapa ndipo tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Obote, likiongozwa na Amin, lilipovamia. Kabaka Mutesa wa Pili aliruka ukuta kwenye mvua, akaumia mgongo, akapata teksi iliyokuwa inapita, akafika Burundi na mwisho London, alikofia 1969. Nikisimulia haya nasimama karibu na ukuta ili watu waupime kwa macho. Mfalme, siku moja, akisimamisha gari barabarani kama mimi na wewe.

Upande wa nyuma kuna lile handaki la zege la Amin. Liliwekwa silaha, kisha likawekwa watu. Maji ya mlangoni yalitiwa umeme ili asitoke mtu, na kutani kumebaki alama za mikono. Kiongozi atataka kuwapeleka, kwa kuwa wageni wengi ndicho wanachokijia. Muulize mama kwanza, tena faraghani, kiongozi akiwa mbali. Watu wa umri wake hawaendi pale kujifunza historia, wanayo. Kuna mama nilimfikisha mlangoni bila kumwuliza. Akageuka, akatembea peke yake mpaka getini, na hatukuongea tena siku ile. Sijamlaumu hata kidogo.

Hela sasa. Kwa asubuhi kama hii mimi natoza shilingi 120,000 kwa watu mpaka wanne, na utakuta wa chini yangu na wa juu yangu. Muhimu ni kukubaliana kabla: bei ni ya kundi au ya kichwa, viingilio viko ndani au nje, spesho analipa nani. Njoo na kitambulisho, maana mahali pengi mwenyeji na Mwafrika Mashariki hulipa chini kuliko mtu wa ng'ambo. Na msikiti, Bulange na Lubiri kila mahali pana viongozi wake wa ndani. Wako akikwambia hawahitajiki, ujue ana yake. Chai ya kiongozi haimo kwenye mkataba, ila mgeni akininunulia katogo, matoke ya mchuzi, sijawahi kukataa.

*

Mambo dada. Nasoma Makerere, kwetu Kisauni, Mombasa. Wazazi wangu wanakuja na nataka kuwatembeza Mengo. Wenzangu wa hosteli wanasema nisithubutu kuongea Kiswahili kule, wazee wanakichukia, ni lugha ya askari na wezi. Baba hajui Kiluganda na Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Tunyamaze kutwa nzima? — *F., Makerere*

Poa, mdogo wangu. Msinyamaze.

Wenzako hawajatunga. Mzee wa Mengo aliyekuwa kijana mwaka 1966 alikisikia Kiswahili kikitoka kwa mtu mwenye bunduki, na miaka ya 1970 akakisikia tena vizuizini. Si lugha aliyoichukia, ni yaliyokuja nayo. Lakini kabla ya hapo kilikuwa na sura nyingine kabisa. Uislamu uliingia kwa Kabaka Suna mwaka 1844 na mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim, aliyetokea Zanzibar. Hata Waganda wa kwanza waliofundishwa Injili na mmisionari Mackay walianza kuisoma kwa Kiswahili, Kiluganda kikafuata. Msikilize huyo mzee anapoongea Kiluganda chake safi: *ekitabo, ssaawa, ssabbuuni, eddirisa*. Baba yako ataokota maneno hayo kama mtu anayekuta vyombo vya kwao nyumbani kwa jirani.

Fanya hivi: salamu iwe ya Kiluganda. *Wasuze otya, ssebo* asubuhi, *nnyabo* kwa mwanamke, na baada ya mchana *osiibye otya*. Mama yako akikunja goti kidogo anaposalimia wazee, milango itafunguka yenyewe. Salamu ikishapokelewa, baba aendelee na Kiswahili chake cha Mombasa, taratibu, bila sauti ya kuamuru. Wengi watakijibu kuliko unavyodhani. Mzee mmoja anayekaa karibu na Wankaaki hujifanya hakijui kabisa, mpaka mtu akikosea bei ya ndizi.

Na umtafutie mtembeza anayekisema. Tupo. Katiba ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, sema wateja wetu ndio hawajaambiwa.

*

Bi Mtembeza, nilipokuja Kampala mlinzi wa jengo moja la serikali alinizuia nusu saa kwa sababu ya picha, akataka nifute zote. Ni wapi mtu anaruhusiwa kupiga? — *K., Jinja*

Pole sana. Sanamu ya Uhuru pale Speke Road, ile ya Gregory Maloba ya mwaka 1962, mama akimnyanyua mtoto aliyefunguliwa mbeleko, ipige utakavyo. Mapaa ya vilima kutoka mnarani, sawa. Sanamu za miziro, sawa. Askari, polisi, kambi, mageti ya Bunge na popote penye mtu mwenye silaha, weka simu mfukoni, usiitoe hata kutazama saa. Kwenye makaburi na makanisa uliza. Sokoni uliza mara mbili, na ununue kitu kwanza.

Na jihadhari na ulimi pia. Kuna familia niliyokuwa naitembeza, watu wa pwani, wakatangulia getini mahali fulani mimi nikiwa nalipa spesho. Mlinzi akawauliza wako na nani. Baba akajibu kwa fahari, kwa lile neno la Kiingereza alilolisikia hotelini na kulitamka kwa Kiswahili: "Tuko na gaidi wetu, anakuja nyuma, amevaa hijabu nyeusi." Ilituchukua saa nzima na vitambulisho vya watu sita. Ndiyo sababu kwenye kadi yangu, na juu ya ukurasa huu, nimeandika mtembeza.